Raha Ndogo za Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuirudishia Nyumba Yako Utulivu

Siku hizi nyumba nyingi zimegeuka mahali pa kulala, kubadili nguo na kuchaji simu. Mtu anaingia, anawasha taa kubwa ya dari, anawasha televisheni, anakula huku macho yako kwenye simu, na usingizi unamkuta papo hapo kwenye kochi. Kesho yake mambo ni yale yale. Pengine ana vyumba vya kutosha, viti vizuri, na vitu vingi kuliko anavyohitaji. Anachokosa ni nafasi ya kuionja nyumba yake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ninaamini raha ya nyumbani haianzii dukani. Inatokana na kazi ndogo ndogo ambazo tayari unazifanya kila siku, kama kuwasha taa, kuchemsha maji, kuoga na kutandika kitanda, zikifanywa kwa wakati wake na bila papara. Hatua nyingi nimezipanga kufuata mwendo wa jioni, tangu unapofunga mlango hadi unapolala, kwa sababu jioni ndipo watu wengi hupoteza nyumba yao. Usizifanye zote wiki moja. Shika moja mpaka mkono uizoee, ndipo uongeze nyingine.

Anza na nusu saa, si nyumba nzima

Wengi hutaka kubadili kila kitu kwa wikendi moja. Wananunua mapazia mapya, mito ya rangi, mishumaa, wanahamisha kochi kutoka ukuta huu hadi ule. Jumatatu jioni mwendo ni ule ule, na vitu vya kupangusa vimeongezeka. Tenga muda kwanza. Vitu vitafuata, na vingine utagundua huvihitaji kabisa.

Nusu saa inatosha. Usiifunge kwenye saa ya ukutani, kwa sababu siku ikichelewa kidogo utasema leo imeshindikana. Ifunge kwenye jambo linalotokea kila siku: vyombo vikishaoshwa, watoto wakishalala, au ukishavua viatu na kunawa. Jambo hilo likitokea, nusu saa imeanza.

Simu iwekwe chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakusaidii sana, kwa maana mkono unajua ilipo. Kama kuna mtu unayemwangalia, mzazi mgonjwa kwa mfano, acha mlio wa wito ukiwa wazi na uzime arifa nyingine zote. Kwa njia hiyo anayekuhitaji kweli atakupata, na mengine yatasubiri.

Kisha chagua pembe moja. Iwe na kiti kinachobeba mgongo vizuri, ukuta nyuma yako au ubavuni, na mahali pa kuweka kikombe ambapo mkono unafika bila kuinama. Ikiwa karibu na dirisha, vizuri zaidi. Keti hapo dakika kumi bila kufanya lolote, ukiangalia tu ni nini kinakusumbua. Utakuta ni kitu kimoja au viwili: rundo la nguo lililo mbele ya macho, mwanga unaochoma jicho, upepo unaopita shingoni. Rekebisha hicho tu. Dakika hizo kumi za kukaa kimya zitakufundisha kuhusu chumba chako kuliko picha mia za nyumba za watu.

Punguza kabla ya kuongeza

Chukua kikapu. Weka ndani yake kila kilicho juu ya meza au rafu iliyo mbele ya kiti chako: chaja, risiti, dawa, kalamu zisizoandika, funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Pangusa uso wa meza kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kwa kikavu. Sasa rudisha vitu vitatu tu, vile ambavyo macho yako yanapenda kuviona. Kikapu kiende nje ya chumba, na vilivyomo uvipangie mahali kesho, mchana, ukiwa na nguvu.

Huhitaji kusafisha nyumba yote ndipo upumzike. Ukisubiri hivyo hutapumzika. Uso mmoja ulio mtupu unatosha kuupa ubongo mahali pa kutua.

Mwanga: hapa ndipo nyumba hubadilika zaidi

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Taa moja yenye nguvu katikati ya dari inafaa kutafuta sindano iliyoanguka. Haifai kukaa chini yake jioni nzima, kwa sababu inatupa vivuli chini ya macho ya kila mtu na kukifanya chumba kiwe bapa, hakina mahali pa giza wala mahali pa joto.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi la balbu. Mwali wa mshumaa uko karibu na kelvini 1900. Balbu inayoitwa ya joto, yenye rangi ya kimanjano, ni 2700. Mwanga wa mchana ni kama 5500 hadi 6500, nao ndio huo mweupe unaoelekea ubuluu uliojaa maofisini. Watu wengi huchukua balbu ya kwanza wanayoikuta rafuni, kisha wanashangaa kwa nini sebule inafanana na chumba cha daktari. Kwa sebule na chumba cha kulala, tafuta 2700. Kwa meza ya kazi na jikoni unapokata vitu kwa kisu, mwanga mweupe zaidi unafaa.

Hili si suala la urembo peke yake. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, kuna chembe nyingine zinazopima mwanga na kuuarifu mwili kama ni mchana au usiku. Chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu. Zikipata mwanga huo usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi. Basi unapokaa chini ya taa nyeupe kali hadi saa nne usiku kisha ukalalamika kwamba usingizi hauji, mwili wako umetii tu ulichouambia.

Fanya hivi. Kwanza, jua likizama, zima taa ya dari. Pili, washa taa mbili au tatu ndogo, zikiwa chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi: moja mezani, moja pembeni ya kochi, hata moja sakafuni nyuma ya chungu cha mmea. Balbu za lumeni 250 hadi 450 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) zinatosha kwa taa hizi. Ya kusomea iwe karibu na 800. Tatu, hakikisha balbu yenyewe haionekani. Ielekeze ukutani au ifunikwe kwa kava la kitambaa au karatasi lililotengenezwa kwa ajili ya taa. Mwanga unaogonga ukuta na kurudi huwa laini, na ukuta wenyewe unapata uhai. Nne, acha sehemu fulani za chumba zibaki na giza. Giza la pembeni ndilo linalofanya pale penye taa pavutie.

Mshumaa nao una adabu yake. Kabla ya kuuwasha, kata utambi ubaki kama milimita sita. Ukiwa mrefu mwali huwa mkubwa, nta haiungui vizuri, na moshi mweusi unapaka ukuta na ukingo wa glasi. Mshumaa wa kwenye glasi, mara ya kwanza kabisa, uache uwake mpaka nta iliyoyeyuka ifike kingo zote. Ukiuzima mapema utachimba shimo katikati, na kila ukiuwasha tena utaendelea kuzama humo humo huku nta ya pembeni ikipotea bure. Usiuache uwake zaidi ya saa nne mfululizo. Uwe umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye pazia, kitabu au kitu chochote kinachoshika moto, mahali ambapo mtoto na paka hawafiki. Usilale ukiwaka. Hilo halina mjadala.

Sauti

Watu hukimbilia muziki kabla ya kusikiliza nyumba inasema nini. Zima kila kitu, simama katikati ya chumba, usikilize. Bawaba inayolia, tia tone la mafuta, fungua na funga mlango mara kadhaa, futa yanayochuruzika. Viti vinavyokwaruza sakafu, bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu yake. Bomba linalodondosha maji, badilisha mpira wake. Kelele hizi ndogo hatuzisikii tena kwa akili, lakini mwili unazisikia.

Baada ya hapo, muziki ukiupenda uweke chini kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuongea bila kupaza sauti. Jioni ninapendelea usio na maneno, maana maneno huvuta fikra. Na kuna siku ukimya unatosha.

Harufu, na kwa nini kidogo kinatosha

Mishipa ya kunusa ina njia fupi sana ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu harufu moja inaweza kukurudisha kwenye chumba ulichokaa utotoni kabla hujajua unakumbuka nini. Ni nguvu kubwa, na inahitaji kutumiwa kwa kipimo.

Hatua ya kwanza ni hewa. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi, upepo upite. Kama moja tu linafunguka, fungua na mlango. Ondoa taka za jikoni, osha kitambaa cha kupangusia vyombo ukianike, maana kikikaa na unyevu ndicho chanzo cha harufu nyingi ambazo watu huzifukuza kwa manukato bila kufanikiwa. Kufunika harufu mbaya kwa harufu nzuri huzaa harufu ya tatu isiyopendeza.

Hewa ikishakuwa safi, chagua harufu moja. Njia rahisi ni sufuria ndogo: jaza maji nusu, tia maganda ya limau au chungwa moja, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu tatu nne. Yakianza kuchemka, punguza moto kabisa yawe yanatoa mvuke tu. Nusu saa inatosha kulijaza sebule. Usiondoke nyumbani jiko likiwaka, na angalia maji yasikauke.

Ukitumia mafuta ya kunukia ya kwenye chupa ndogo, tone moja au mawili kwenye pamba yanatosha. Pua huizoea harufu baada ya dakika chache. Ukiacha kuinusa haimaanishi imeisha, inamaanisha umeizoea. Anayeongeza matone kila mara atamuumiza kichwa mgeni wake. Kama una paka, kuwa mwangalifu zaidi: ini lake haliwezi kuchakata vizuri baadhi ya mafuta hayo, na yanaweza kumdhuru.

Kikombe kimoja, kikitengenezwa kwa heshima

Kutengeneza chai ni mapumziko yaliyojificha ndani ya kazi. Ina mwanzo, ina kusubiri, ina mwisho, na huwezi kuiharakisha bila kuiharibu. Kwa hiyo usiifanye huku unafanya mambo mengine matatu.

Chemsha maji kiasi unachohitaji. Yakianza kuimba ndani ya birika, mimina kidogo kwenye buli au kikombe, zungusha, mwaga. Chombo baridi huteka joto la maji na chai hutoka imepooza ladha. Pima kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe cha mililita 200 hadi 250. Chai nyeusi inataka maji yaliyotoka kuchemka muda huo huo na dakika tatu hadi tano za kukaa. Chai ya kijani inataka maji ya nyuzi 70 hadi 80 tu na dakika mbili au tatu. Kama huna kipimajoto, acha maji yaliyochemka yatulie dakika tano hivi bila kifuniko. Ukiyamimina yakiwa yanatokota, au ukiacha majani humo hadi usahau, tanini nyingi hutoka na kinywa kinakauka kwa uchungu. Watu wengi wanaosema hawaipendi chai ya kijani hawajawahi kuinywa ikiwa imetengenezwa sawasawa.

Jioni kuna jambo la kafeini, ile iliyomo kwenye chai na kahawa inayofukuza usingizi. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa tano kupunguza nusu ya kafeini aliyokunywa, na kwa wengine ni zaidi. Kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu yake ndani yako saa saba usiku. Hivyo kwa nusu saa yako ya jioni tumia majani yasiyo na kafeini: mnanaa, mchaichai, kamomili, au vipande vyembamba vya tangawizi. Haya funika kwa kisahani yanapokaa, dakika tano hadi kumi. Harufu yake iko kwenye mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, na kisahani kinayarudisha kikombeni. Ukikifunua utaona matone yamejipanga chini yake. Yadondoshee ndani, maana ndiyo yenye harufu.

Usinywe kikiwa cha moto wa kuunguza. Mwaka 2016, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Shika kikombe kwa mikono yote miwili, acha joto liingie viganjani, nusa, subiri. Dakika hizo za kusubiri ndizo zenye mapumziko yenyewe.

Maji ya moto

Kuoga kwa haraka asubuhi ni usafi. Kuoga jioni kunaweza kuwa kitu kingine. Maji ya nyuzi 40 hadi 42, kwa dakika kumi tu, saa moja au mbili kabla ya kulala, huwasaidia wengi kupata usingizi mapema. Sababu yake inashangaza kidogo: maji ya moto huvuta damu kuelekea mikono na miguu, joto la ndani ya mwili linapata njia ya kutoka, na mwili unaopoa ndio unaokaribisha usingizi. Ndiyo maana ukioga maji ya moto sana na kuingia kitandani papo hapo utageukageuka. Mwili haujapata muda wa kupoa.

Kama huna nafasi ya kuoga tena, tumia beseni. Mimina maji ya vuguvugu yanayofika juu ya vifundo vya miguu, yajaribu kwa kiwiko kwanza, keti na miguu ndani kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Weka taulo karibu kabla hujaanza, usije ukaamka na miguu inayodondosha maji kuitafuta. Futa katikati ya vidole, paka mafuta, vaa soksi safi. Mwenye kisukari, hasa kama miguu imepungua hisi, asipime maji kwa mguu na asiyaache yawe ya moto. Apime kwa kiwiko, na amwulize daktari kama njia hii inamfaa.

Mmea wa kwanza, na maua ya wiki

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala vyumba vyenye dirisha lililotazama miti walikaa hospitali siku pungufu kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa wagonjwa 46 tu, lakini kazi hiyo ilifanya watu wengi wafikirie upya kile tunachokiweka mbele ya macho yetu.

Kuna dai moja ningependa uliache: kwamba mmea mmoja sebuleni husafisha hewa. Watafiti waliopitia majaribio hayo upya mwaka 2019 walikuta ungehitaji mimea kumi au zaidi kwa kila mita ya mraba ili kufikia kile kinachofanywa na hewa inayopita nyumbani kwa kawaida. Hewa isafishwe na dirisha. Mmea uweke kwa sababu unakua, na kitu kinachokua mbele yako kinakufundisha kutazama.

Anza na mnanaa, maana hauna kiburi. Kata tawi lenye urefu wa sentimita kumi, chini kidogo ya kifundo ambapo majani yanatokea. Ng'oa majani ya nusu ya chini. Weka tawi kwenye glasi ya maji, dirishani penye mwanga lakini pasipo jua la kuchoma, na badilisha maji kila siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe zinatoka kwenye vifundo. Zikifika urefu wa kidole gumba, panda kwenye chungu chenye tundu chini. Mwagilia udongo ukiwa mkavu unapouchomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Mimea mingi ya ndani hufa kwa kupendwa mno na maji. Nao mnanaa huo huo utaingia kikombeni mwako jioni.

Kwa maua ya kukata, hata yawe matawi matatu ya uani, kata vikonyo sentimita mbili kwa mshazari kwa kisu kikali, ondoa kila jani litakalozama majini, na badilisha maji kila baada ya siku mbili. Yaweke mbali na bakuli la matunda yanayoiva. Matunda hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua haraka.

Kitanda

Tunakaa kitandani karibu theluthi ya maisha, na bado shuka ndilo jambo la mwisho kufikiriwa. Huhitaji mashuka mengi. Pea mbili nzuri zinatosha: moja kitandani, moja kabatini. Chagua pamba au kitani. Ile namba ya nyuzi inayotangazwa kwenye pakiti, kati ya 200 na 400 ni sawa kabisa. Namba kubwa sana mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja kana kwamba kila moja inajitegemea, na shuka haliwi laini zaidi kwa hesabu hiyo.

Fua kila wiki. Maji ya nyuzi 60 huua wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi kwenye matandiko na kuwasumbua wenye pumu na mzio. Kung'uta shuka kwa nguvu kabla ya kulianika. Mikunjo itapungua nusu. Ukiweza, anika juani. Ile harufu safi ya nguo iliyokauka nje hutokea pale mwanga wa jua unapokutana na kitambaa chenye unyevu na hewa, na hakuna sabuni iliyowahi kuiiga sawasawa. Lianue likiwa kavu kabisa, likunje lingali na joto la jua.

Kutandika nako kuna utamu wake ukikufanya polepole. Tandaza shuka la chini, livute kutoka kona hadi kona, kisha pita kwa kiganja kutoka katikati kuelekea pembeni mpaka usione mkunjo. Kwenye miguu ya kitanda, chomeka ncha yote chini ya godoro. Upande wa ubavuni, inua shuka kama sentimita 40 kutoka kona, lilaze juu ya godoro litengeneze pembetatu, chomeka kinachoning'inia, kisha rudisha pembetatu chini na kuichomeka nayo. Kona ikifungwa hivi haitoki usiku. Foronya piga pasi, hata kama hupigi pasi kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo inayogusa uso. Tandika asubuhi; jioni ukichoka utakuta mtu amekutandikia, na mtu huyo ni wewe.

Chumba kiwe na ubaridi kidogo, giza, na kisiwe na skrini. Saa ya kengele ya kawaida inafanya kazi ya kukuamsha vizuri kabisa, na simu inabaki kule ulikoiacha.

Ukiishi na wengine

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Mmoja anataka ukimya, mwingine anataka mpira, mtoto anataka kuchorewa farasi. Usilazimishe. Anza wewe, kwenye pembe yako, bila kuhubiri. Zima taa ya dari kwa ruhusa ya waliopo. Tengeneza vikombe viwili badala ya kimoja. Watu hujongea penye mwanga wa joto bila kuitwa.

Kwa watoto, soma kwa sauti. Dakika kumi kila usiku, kurasa chache, ukiwaonyesha mstari kwa kidole. Usibadili sauti kama mwigizaji kama huwezi. Soma taratibu tu, simama kwenye nukta, waache waulize. Watu wazima nao hupenda kusomewa kuliko wanavyokiri. Jaribu na mwenzako, sura moja kila jioni, mkipokezana: mmoja asome, mwingine akunje nguo zilizokauka. Mkifika mahali patamu, fungeni kitabu hapo hapo, mweke alama ya ukurasa. Kesho jioni hakuna atakayehitaji kukumbushwa kuketi.